Jina la Dini Si Dhamana ya Mali



Miongoni mwa misiba inayozipata jamii za watu wa dini ni mtu kudhulumiwa mali yake na yule anayesali naye safu moja. Mwizi wa usiku huvunja mlango. Huyu hufunguliwa mlango, hukaribishwa kahawa, na hukabidhiwa fedha kwa mikono miwili: akiba ya Hija, mirathi ya yatima, kiinua mgongo cha mzee. Siku ya kufilisika huondoka na mali na imani ya watu pia. Katika makala haya tutatazama tukio moja mashuhuri, kisha tuulize fiqhi yetu inasema nini.

Yaliyotokea Misri

Katika miaka ya 1970 na 1980, Wamisri wengi walikwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba na kupeleka fedha kwao. Wengi hawakutaka kuziweka benki kwa kuogopa riba. Hapo zikachipua kampuni zilizojiita za Kiislamu za kuwekeza mali. Iliyojulikana zaidi ni al-Rayyan, na nyingine ni al-Sa'd. Waliambiwa kwamba fedha zao zitafanyiwa biashara ya halali kwa njia ya mudharaba. Wakati benki zikitoa karibu asilimia 13 kwa mwaka, al-Rayyan ilitoa hadi asilimia 24.

Wenye kampuni walijulikana kwa ndevu na kanzu, matangazo yao yalijaa magazetini, na baadhi ya masheikh wenye heshima walionekana katika shughuli zao. Baadaye ilidhihiri kwamba palikuwa na orodha ya wakubwa waliokuwa wakilipwa zaidi ya wengine, nayo ikapewa jina la orodha ya baraka! Tazama jinsi neno tukufu linavyoweza kuvishwa rushwa.

Mwaka 1988 ilipitishwa Sheria namba 146, iliyozitaka kampuni hizo zisajiliwe upya na ziweke hesabu zao wazi. Al-Rayyan haikuweza. Wakuu wake walikamatwa, na Ahmed al-Rayyan akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Wenye mali walibaki wakifuatilia haki zao kwa miaka mingi.

Hesabu isiyodanganya

Tufanye hesabu ndogo. Mtu ameweka shilingi 1,000,000 kwa ahadi ya asilimia 24 kwa mwaka. Atapewa 20,000 kila mwezi. Ikiwa hakuna biashara yoyote inayofanywa, mwenye kampuni anaweza kumlipa kwa miezi 50 kutokana na fedha zake mwenyewe, naye akashukuru akidhani anakula faida. Anayetaka kuchukua zote mapema hulipwa kwa fedha za aliyeingia jana. Kwa hiyo malipo ya kila mwezi hayathibitishi kwamba kuna biashara. Jengo huanguka siku waingiaji wanapopungua.

Tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Waislamu peke yao. Huko Marekani, mwaka 2008 ulifichuka udanganyifu wa Bernard Madoff, na miongoni mwa walioumia ni jumuiya za hisani za Mayahudi wenzake waliomwamini kwa ujamaa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, nchini Tanzania, wengi wanaukumbuka upatu wa DECI ulioongozwa na wachungaji, ambao watu waliambiwa wapande mbegu kisha wavune. Ulisimamishwa mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Dini ni mbalimbali, lakini mlango ulioingiliwa ni mmoja: mcha Mungu haulizwi hesabu.

Mudharaba ina masharti

Mudharaba ni muamala wa halali: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa fungu walilokubaliana, kama nusu kwa nusu au theluthi. Wanazuoni wamekubaliana kwamba haijuzu kumwekea mwenye mali kiasi maalumu cha fedha, kwa sababu huenda biashara isipate ila kiasi hicho, au isipate kitu. Hasara, ikiwa mwendeshaji hakufanya uzembe wala khiyana, humwangukia mwenye mali, na mwendeshaji hupoteza jasho lake.

Basi anayekuambia kwamba mtaji wako una dhamana, na kila mwezi utapata kiasi kile kile, huyo hakukupa mudharaba hata akiiita hivyo. Jina halibadili hukumu ya kitu.

Liko pia suala ambalo wengi hawapendi kulisikia. Aliyeingia mwanzo, akatoka na zaidi ya alichoweka, kisha ikabainika kwamba hapakuwa na biashara, ziada ile ni ya nani? Kwa kanuni za fiqhi haki yake ni rasilimali yake. Ziada ni mali ya waliodhulumiwa, na toba yake haitimii ila kwa kuirejesha akiweza.

Mizani ya Sayyidna Umar

Imepokewa kwamba mtu mmoja alitoa ushahidi mbele ya Umar bin al-Khattab (r.a.), naye akataka aletwe mtu anayemjua. Akaja mmoja, akamsifu kwa uadilifu. Umar akamuuliza: je, ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake? Hapana. Je, amesafiri naye? Hapana. Je, amefanya naye muamala wa dinari na dirhamu? Hapana. Umar akasema huenda amemwona msikitini tu, akiinama na kuinuka. Alipokiri, akamwambia kwamba hamjui.

Hii haina maana ya kuidharau Sala. Sala ni nguzo ya dini, lakini haikuwekwa iwe risiti. Hata aliyekufa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.) baada ya Khaybar, watu wakampongeza kwa Pepo, Mtume aliwaeleza kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamuwakia moto. Ikiwa heshima ile haikuifunika shuka moja, itakuwaje kwa mamilioni ya mayatima?

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inawaelekea walioamini, inawaamrisha waandike deni na waweke mashahidi. Wanazuoni wengi wamesema amri hiyo ni ya kupendekezwa, lakini hapana aliyesema kwamba kuandikiana ni kukosa imani. Basi anayechukizwa kuombwa maandishi amechukizwa na jambo lililoelekezwa na Mola wake.

Mitazamo miwili potofu

Ulaghai huu hustawi juu ya mitazamo miwili. Wa kwanza ni kuiona mali kuwa uchafu usiofaa kutajwa msikitini, hata watu wakaona haya kuuliza hesabu. Wa pili ni kuuona utajiri kuwa alama ya kuridhiwa, hata tajiri akapewa mbele ya safu pasina kuulizwa alikopata. Qur'ani imewakosoa wanaodhani kukunjuliwa riziki ni kukirimiwa (Al-Fajr 15), na imetusimulia Qarun, ambaye watu walimtamani jioni na asubuhi wakashukuru kwamba hawakuwa yeye. Mtazamo wa sawa ni kwamba mali ni amana: hupatikana kwa halali, huandikwa, na huulizwa.

Wajibu wa imamu na wa msikiti

Imamu asitoe jina lake, wala mimbari, kwa kampuni ambayo hakuziona hesabu zake zilizokaguliwa na mjuzi asiye na maslahi. Akipewa zawadi na wenye kampuni, akumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa Zaka aliyesema hiki chenu na hiki nimezawadiwa mimi, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomkemea juu ya mimbari. Msikiti nao uanze na nafsi yake: michango isomwe hadharani, na mfuko usishikwe na mtu mmoja.

Mwisho, wapo wanaonyamaza kwa hoja ya kumsitiri Muislamu mwenzao. Sitara hiyo si mahali pake. Fatima bint Qays (r.a.) alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.) kuhusu wachumba wawili, alimweleza aibu ya kila mmoja, na mmojawapo kwamba ni fukara asiye na mali. Imamu an-Nawawi ameitaja nasaha ya kuwatahadharisha Waislamu miongoni mwa mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu. Asiyekuwa na ushahidi asimzulie mtu, lakini aliye nao akanyamaza huku jirani yake akiuza kiwanja ili akaweke fedha kule kule, ajue kwamba ameshiriki katika hasara yake.

Tunamuomba Allah aturuzuku halali, atukinge na khiyana, na awarejeshee haki zao waliodhulumiwa. Wabillahi tawfiq.