Ijue Chaji ya Umeme (2): Kusugua Hakuzai Chaji

Wiki iliyopita tuliona jinsi kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele inavyovuta vipande vya karatasi. Limebaki swali: chaji hiyo imetoka wapi? Wengi hujibu kwamba msuguano ndio ulioizaa. Si kweli, na kosa hili lisipoondolewa mapema, yote yanayofuata katika somo la umeme hugeuka mambo ya kukariri tu.

Aliyelifafanua jambo hili ni Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia, katika barua aliyompelekea Peter Collinson wa London mwaka 1747. Aliwasimamisha watu wawili juu ya nta, ili umeme usipate njia ya kushuka ardhini. Wa kwanza alisugua mrija wa kioo. Wa pili akausogezea kidole, akapokea cheche. Mtu wa tatu aliyesimama sakafuni alipomsogelea yeyote kati yao, cheche iliruka. Maana yake wote wawili walikuwa na chaji. Lakini wawili hao walipogusana wao kwa wao, cheche iliruka kwa nguvu zaidi, kisha hakuna aliyebaki na chaji hata kidogo.

Hapo ndipo penye hoja yenyewe. Kama kusugua kungekuwa kunazaa chaji, kugusana kusingeimaliza yote. Imekwisha kabisa kwa sababu kiasi alichozidishiwa mmoja ndicho alichopungukiwa mwenzake, kama fedha iliyohama mfuko bila nyumba kupata hata senti mpya. Franklin aliziita hali hizo mbili chanya na hasi. Kanuni iliyotokana na hapo, kwamba jumla ya chaji haiongezeki wala haipungui, haijawahi kuvunjwa na jaribio lolote. Hata mwale wa gama unapogeuka kuwa elektroni, papo hapo huzaliwa positroni yenye chaji chanya ya kiasi kilekile.

Franklin hakujua ni kitu gani kinachohama. Elektroni iligunduliwa na J. J. Thomson huko Cambridge mwaka 1897. Leo tunasema kwa uhakika kwamba kalamu ile imepokea elektroni kutoka kwenye nywele: plastiki imekuwa hasi, nywele zimekuwa chanya, kwa kiasi kilekile. Protoni hazikwenda popote, kwani zimefungwa ndani ya viini vya atomu. Kwa bahati mbaya majina ya chanya na hasi yalikuwa yamekwisha kuzoeleka kabla elektroni haijagunduliwa, na ndiyo maana mpaka leo tunachora mkondo ukitoka chanya kwenda hasi, ilhali ndani ya waya elektroni zinakwenda kinyume. Hesabu haziharibiki, lakini mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Walimu wa pwani wanajua jinsi jaribio la kalamu linavyogoma wakati wa masika. Kanuni haina kosa. Unyevu wa hewani hutandaza utando mwembamba wa maji juu ya plastiki, na chaji hutoroka kupitia hapo. Kausha kalamu na karatasi juani kwanza, tena nywele zisiwe na mafuta. Dodoma wakati wa kiangazi mambo ni rahisi: vua sweta gizani uone cheche.

Je, chaji inaweza kugawanywa vidogo vidogo bila kikomo? Kuanzia mwaka 1909, Robert Millikan na wenzake huko Chicago walinyunyiza matone madogo ya mafuta kati ya mabamba mawili ya chuma. Uzito ulivuta tone chini, umeme ukalivuta juu, na kutokana na mwendo wake wakakokotoa chaji iliyobebwa. Kila tone lilikuwa na chaji ya elektroni moja, au mbili, au tatu, au zaidi; nusu haikuonekana. Kiasi hicho ni kidogo mno: kulombu 1, ambayo ndiyo chaji inayopita katika sekunde 1 kwenye mkondo wa ampea 1, ni sawa na elektroni bilioni 6.24 mara bilioni moja. Tangu mwaka 2019, kipimo cha ampea chenyewe kimejengwa juu ya chaji ya elektroni.

Chaji mbili zikikaribiana husukumana au kuvutana. Kani hiyo ilipimwa na Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785, nasi tutaishughulikia wiki ijayo.