Nywila au Ufunguo: Skripti Inavyoingia Kwenye Seva

Skripti ni maagizo yaliyoandikwa mapema ili kompyuta iyatekeleze yenyewe kwa saa iliyopangwa. Kazi yake mojawapo ni kuingia kwenye seva iliyo mbali na kupeleka au kuchukua mafaili. Ili ipokewe, lazima ijitambulishe, ama kwa nywila ama kwa jozi ya funguo za kidijiti. Uchaguzi huo una uzito mkubwa pale zinapotunzwa habari za watu.

Bonde la Kilombero, Tanzania, ni mahali pa namna hiyo. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, inafuatilia tangu 1996 vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Enzi za madaftari, kumbukumbu kama hizo zililindwa kwa kufuli la kabati. Zikishakuwa kwenye kompyuta, nakala yake ya akiba inaweza kutoka Ifakara hadi seva ya Dar es Salaam usiku mmoja, watu wakiwa wamelala.

Njia inayotumika sana kwa safari hiyo ni SSH. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo hicho. SSH husimba mawasiliano yote, hivyo anayedukua njiani haambulii kitu.

Linabaki swali la mahali pa kuiweka nywila. Mtu huihifadhi kichwani. Skripti huandikiwa ndani ya faili. Faili hilo hunakiliwa, hutumwa kwa barua pepe, huingia kwenye akiba, na nywila huambatana nalo kila liendako. Ikiandikwa kwenye mstari wa amri, watumiaji wengine wa kompyuta hiyo wanaweza kuiona katika orodha ya programu zinazoendelea.

Ufunguo hufanya kazi tofauti. Wa siri hubaki kwenye kompyuta yenye skripti, wa wazi huwekwa kwenye seva. Wakati wa kuingia, kompyuta hutia sahihi ya kidijiti kwa ufunguo wa siri, na seva huihakiki kwa ule wa wazi. Ufunguo wa siri hausafiri kamwe, kwa hiyo hata seva ya kitapeli haiwezi kuunyakua. Nywila ikikabidhiwa kwa seva ya aina hiyo, imekwenda.

Hata hivyo, ufunguo nao huibika. Unaweza kufungwa kwa nywila yake, lakini usiku wa manane hakuna wa kuiandika. Ipo programu ya kuushikilia ufunguo uliofunguliwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ila umeme ukikatika husahau, na kazi hulala mpaka fundi afike. Ndiyo maana funguo nyingi za skripti huachwa wazi, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea: wakishaiondoa nywila huona wamemaliza, kumbe anayelipata faili hilo huingia bila kuulizwa.

Dawa yake ni kuubana ufunguo. Kwenye seva, mstari wa kila ufunguo unaweza kuwekewa masharti: ukubaliwe kutoka anwani fulani tu, tena kwa amri moja tu, kama kupokea faili la akiba. Kila kazi ikiwa na ufunguo wake, kompyuta ikiibwa unafutwa mstari mmoja na kazi nyingine zinaendelea. Nywila ya akaunti ikibadilishwa, skripti zote zinazoitegemea husimama.

Seva nayo ina ufunguo wa kujitambulisha. Skripti nyingi huzimiwa uhakiki huo ili zisikwame, na matokeo yake ni kumpelekea mafaili yeyote atakayejifanya seva.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Taasisi yoyote inayotunza kumbukumbu za wagonjwa isiiache skripti yenye nywila ndani yake iendelee kufanya kazi.