Ndege ya Bandung na Amana ya Hazina

Tarehe 10 Agosti mwaka 1995, watu wa mji wa Bandung, katika kisiwa cha Java, waliinua macho yao juu kuitazama ndege iliyokuwa ikiruka kwa mara ya kwanza. Jina lake N-250. Ina injini mbili na nafasi za abiria 50. Walioichora na kuiunda ni wenyeji wa Indonesia, mojawapo ya nchi zenye Waislamu wengi kabisa duniani. Siku saba baadaye nchi hiyo ilitimiza miaka 50 tangu kutangaza uhuru wake.

Habari hii twawaletea, ndugu wasomaji, kwa kuwa ina mafunzo mawili. Moja ni tamu na la pili ni chungu.

Aliyeiongoza kazi hiyo ni B. J. Habibie, mzaliwa wa Parepare katika kisiwa cha Sulawesi. Alisoma Aachen, Ujerumani, akafanya kazi ya ndege mjini Hamburg. Mwaka 1974 Rais Suharto alimwita arudi kwao, na mwaka 1976 serikali ikaanzisha kiwanda cha ndege mjini Bandung. Nchi ile ni ya visiwa maelfu, na ndege kwao ni daraja. Lakini anunuaye ndege kwa mgeni hupata chombo tu. Elimu ya kukiunda hubaki kwa muuzaji.

Basi walianza kama aanzavyo mwanafunzi wa fundi. Kwanza waliunda, kwa ruhusa ya wenyewe, ndege za Kihispania na helikopta za Kijerumani. Kisha wakashirikiana na kampuni ya CASA ya Hispania kuchora ndege ya CN-235, iliyoruka mwaka 1983. Mwisho wakaichora N-250 peke yao, ili wasimame katika soko moja na Fokker ya Uholanzi na ATR ya Wafaransa na Wataliana.

Hilo ndilo funzo tamu. La chungu ni hili.

Fedha za kazi hiyo zilitoka katika hazina ya serikali, na wanunuzi wakubwa wa ndege hizo walikuwa serikali yenyewe, majeshi yake na mashirika yake. Mwaka 1994 Rais aliamuru rupia bilioni 400 za mfuko wa kupanda misitu zipelekwe kiwandani. Sisi hatudharau ndege. Lakini mali iliyowekwa kwa jambo moja ni amana, na haigeuki kuwa halali kwa jambo jingine kwa sababu jambo hilo lapendeza machoni. Yatima akiwekewa fedha za ada, je, mlezi wake aweza kuzinunulia gari, akasema gari nalo lina faida?

Mwaka 1997 thamani ya rupia ilianguka. Januari 1998, katika mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali iliahidi kuacha kuilisha kazi ile ya ndege. N-250 haikupata kamwe cheti cha kuchukua abiria. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wa kiwanda waliachishwa kazi, na mwaka 2020 ndege ile ya kwanza ilipelekwa katika jumba la makumbusho mjini Yogyakarta.

Je, yote yalipotea? La. Ndege za CN-235 ziliendelea kuuzwa, hata Senegal. Mwezi wa Agosti 2017 ikaruka N219, ndege ndogo ya watu 19, iliyokusudiwa viwanja vifupi vya mashambani na milimani. Fedha iliyeyuka, lakini elimu iliyokwisha kuingia vichwani na mikononi mwa watu haikuyeyuka nayo.

Kwa hiyo, serikali yo yote itakayo kushindana na mafundi wa ng'ambo na itoe mali kwa elimu na viwanda. Ila iitoe kwa hesabu ya wazi, na isichukue fungu la haki ya wengine. Nanyi vijana, shikeni hisabati na ufundi kwa bidii. Na siku mtakapokabidhiwa funguo za hazina, kumbukeni kuwa iko Siku ambayo kila mwenye amana ataulizwa juu ya amana yake.