Tumbo linapougua miaka nenda miaka rudi

KUMWELEZA mtu kwamba umekwenda msalani mara kumi tangu alfajiri, tena ukiona damu, si jambo jepesi. Mwanafunzi huona haya kumwambia mwalimu. Mzazi naye akiambiwa, hufikiri mara moja ni amiba au homa ya matumbo. Dawa hununuliwa, tumbo hutulia kidogo, kisha mambo huanza upya.

Mara nyingi mzazi huwa hajakosea, kwani maji machafu yangali yanawaponza wengi. Lakini yako magonjwa mengine ya utumbo ambayo hayaambukizi, nayo huandamana na mtu maishani. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utumbo wenyewe, ukavimba na kutoka vidonda. Makuu ni mawili. Mmoja hushika utumbo mpana peke yake. Wa pili huitwa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka wa 1932. Huo waweza kushika popote, toka kinywani hadi njia ya haja kubwa. Wengi huanza kuugua wakiwa na miaka 15 hadi 35, umri wa mitihani, kazi ya kwanza na posa.

Ujanja wa magonjwa haya ni kwamba hulala. Mtu hukaa miezi akila vizuri, halafu moto huwaka ghafla, na tarehe ya kumwona daktari ingali mbali. Siku ikifika, hakumbuki damu ilianza lini wala alikosa dawa siku ngapi.

Huko Denmark, wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana walifundishwa kwanza kuhusu ugonjwa wao, kisha wakawa wanajibu maswali kwenye kompyuta nyumbani. Umekwenda choo mara ngapi? Kuna damu? Majibu yaliwapa rangi, kama taa za barabarani. Kijani, hali ni shwari. Manjano, tahadhari. Nyekundu, mgonjwa aliongeza dawa mwenyewe kwa kipimo alichoelekezwa mapema. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010: kwao muda wa kawaida wa kuzidiwa ulikuwa siku 18, na kwa wenzao waliotibiwa kwa njia ya zamani, siku 77. Hebu fikiria tofauti hiyo kwa mtu mwenye mtihani mwezi ujao!

Uholanzi nako wagonjwa 909 walifuatwa mwaka mzima, na matokeo kutolewa mwaka wa 2017. Waliotumia programu walikwenda kliniki mara 1.55 kwa wastani, wenzao mara 2.34, na waliolazwa walipungua kwa nusu. Majibu yakionyesha hatari, muuguzi alipata habari.

Lakini tusishangilie kupita kiasi. Marekani, wagonjwa 348 walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2019, baadhi yao wakiulizwa hali zao kwa ujumbe wa simu. Hawakupata nafuu kuwashinda waliotibiwa kama kawaida. Kwa maoni yangu, simu yenyewe haitibu. Kinachosaidia ni mgonjwa kujua la kufanya, na kuwapo mtu upande wa pili wa kumjibu. Kwa hivyo ukishawishiwa kutia programu ya afya kwenye simu yako, uliza kwanza: majibu yangu yanasomwa na nani?

Asiye na programu atwae daftari la shule. Kila jioni aandike amekwenda choo mara ngapi, kama kuna damu, maumivu yako wapi, dawa amemeza au la. Na uzani wake mara moja kwa juma. Kurasa mbili kama hizo humpa daktari habari kuliko nusu saa ya kubahatisha. Mama au baba asimsomee kijana daftari lake bila ruhusa. Haya peke yake yatosha kumfanya aandike uongo.

Aulize pia, kabla ya kuzidiwa, afanye nini siku ya nyekundu. Wale wa Denmark hawakujipimia dawa ovyo. Wala asiache vidonge kwa kuwa anajisikia mzima, maana ndivyo wengi wanavyouamsha ugonjwa. Dawa za maumivu kama ibuprofeni zaweza kuuchochea, basi asimeze kabla ya kuuliza. Na damu ikizidi, homa ikipanda, au tumbo likivimba na kukaza, aweke daftari kando aende hospitali siku hiyo hiyo.