Konokono la pampu: Kutoka laptopu hadi kwenye mchanga

KASHA la pampu likipasuka Ndabibi wakati vitunguu viko shambani, mkulima hana muda wa kusubiri. Atatuma mtu Naivasha, akikosa aende Nakuru, na ikiwa pampu ni ya zamani huenda akaambiwa anunue nyingine nzima. Jua nalo halingoji mtu.

Kijana mwenye laptopu ana kazi hapa. Makasha ya pampu nyingi ndogo za petroli ni aluminiamu, na mafundi wa jua kali wanaoyeyusha pistoni kuukuu na kuzisubu kwenye mchanga tunao. Kinachokosekana ni paterni, kile kielelezo kinachofukiwa mchangani kisha kikatolewa, kikaacha nafasi ya kumiminwa aluminiamu.

Sasa, hilo umbo si mchezo. Kasha la pampu ni konokono: njia ya maji huanza nyembamba, huzunguka pangaboi huku ikipanuka, hadi mdomoni. Huwezi kulipata kwa kuchora duara na kulivuta juu. Ndiyo maana programu kama FreeCAD (ambayo ni ya bure, hakuna haja ya kuiba leseni ya mtu) zina kifaa kiitwacho lofti. Unachora mikato, tuseme minane, mmoja kila nyuzi 45, na programu inatandaza uso juu yake kama turubai juu ya mbavu za lori.

Wengi huharibu kazi kwenye vipimo vya mikato. Kinachopaswa kukua hatua kwa hatua ni eneo la mkato, wala si kipenyo. Kama mkato wa mwisho ni duara la milimita 40, ule wa nusu ya mzunguko, nyuzi 180, si milimita 20. Ukiweka 20 utakuwa umebakisha robo tu ya eneo, na maji yatabanwa. Jibu ni milimita 28 na kidogo. Kwenye nyuzi 90 ndipo unapata 20.

Jambo la pili: kila mkato uanzie kuchorwa upande uleule, na uwe na idadi ileile ya pointi. La sivyo uso utajisokota kama nguo inayokamuliwa.

Halafu kuna mchanga, ambao haujali kioo chako kinavyopendeza. Ile njia ya maji uliyochora ni kiini cha mchanga kitakachokaa ndani. Paterni ni umbo la nje, baada ya kuongeza unene wa ukuta. Igawe vipande viwili katikati ya konokono, ili kila nusu ichomoke bila kukwama. Kuta zilizosimama wima zipe mteremko wa nyuzi 1 hadi 3, au utaondoka na mchanga. Aluminiamu husinyaa ikipoa, kwa hivyo kuza kila kitu kwa takriban asilimia 1.3, kiini kikiwemo: milimita 300 inakuwa karibu 304. Zile nyuso zitakazochongwa kwenye mashine ziongezee milimita 2 au 3 zaidi.

Usimiminie mchanga uliolowa kupita kiasi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na maji yakigeuka mvuke ghafla chini yake, hiyo ni bomu.

Huna printa ya kuchapisha umbo zima? Chapisha mikato kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, ibandike kwenye plaiwudi, ikate kwa msumeno na uisimamishe kwenye ubao, kila mmoja kwa nyuzi zake. Jaza nafasi kwa ile fila ya mafundi wa magari, kisha piga msasa mpaka kidole kisihisi mbavu yoyote. Waunda meli wa zamani walifanya hivyo kwa mbao na macho: walichora mbavu kwa ukubwa halisi sakafuni, kwenye ghorofa ya juu ya karakana. Jina lofti lilitoka kwenye ghorofa hiyo.