"Dada, nipe za elfu mbili"

Ukisimama jioni kwenye duka la dawa, Mbagala au Tandika jijini Dar es Salaam, hutakaa muda mrefu kabla hujasikia mtu akisema: "Dada, nipe za elfu mbili." Muuzaji huchukua mkasi, akakata pakti ya vidonge, akatia vinavyolingana na hela kwenye bahasha ya kaki na kuandika 1x2. Mara nyingi tarehe ya mwisho wa matumizi hubaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Mgonjwa anaondoka na dozi isiyofika hata Ijumaa.

Kwa mwenye presha, hatari ni kubwa kuliko anavyodhani. Dawa ikikatika haumwi popote. Anaendelea na biashara zake, anajisikia mzima, hadi siku kiharusi kinapompiga. Hapo familia inauza kiwanja kwa sababu ya vidonge ambavyo bei yake ingemudika.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama lishe asiye na kadi ya bima anahitaji dawa wiki hii. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wamewekewa msamaha wa malipo na sera ya afya. Mama lishe huyu ana miaka 45, si mjamzito, na anaonekana ana nguvu. Yeye ndiye anayeachwa nje. Na hata mwenye msamaha, akifika dirishani akaambiwa "hiyo haipo, kanunue nje," msamaha wake unakuwa karatasi tu.

Tusiseme haiwezekani. Tangu mwaka 2004 Tanzania inatoa dawa za kufubaza VVU (ARV) bure, na dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Katika kituo kimoja cha afya, mmoja hutoka CTC, kliniki ya wenye VVU, na dawa zake mkononi, na jirani yake mwenye presha hutoka na cheti cha kwenda kununua mtaani. Wote wawili watameza dawa maisha yao yote.

Wakati tunasubiri bima iwafikie wote, msaada wa kwanza uko kwenye kalamu ya daktari. Akiandika Norvasc, jina la kampuni la dawa ya presha, mgonjwa atazunguka maduka akitafuta jina hilo, na akilipata bei itamvunja moyo. Akiandika amlodipine, atapewa dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine, kwa bei ya chini sana. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ilikwisha zamani, ndiyo maana viwanda vingi vinaitengeneza. Wengi wetu bado tunaamini dawa ya bei ndogo ni feki. Si kweli. Dawa ya aina hiyo iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) imepimwa ubora, na bei yake ni ndogo kwa sababu wanaoitengeneza ni wengi. Zipo chache, kama baadhi ya dawa za kifafa, ambazo kubadili kiwanda kunahitaji kwanza kuzungumza na daktari.

Mfamasia naye asikate tu kwa mkasi na kunyamaza. Anaweza kumpigia simu aliyeandika cheti, akauliza kama kuna dawa nyingine inayofaa na yenye nafuu. Anaweza pia kumwambia mgonjwa ipi kati ya dawa nne haiwezi kusubiri. Najua foleni ni ndefu, lakini maongezi hayo ni ya dakika mbili tu.

Nawe msomaji, kama huna bima, usione aibu. Kabla hujatoka kwa daktari, mwambie hela uliyonayo na umwombe aandike jina halisi la dawa, si la kampuni. Ukishindwa kabisa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Kazi yake ni pamoja na kusikiliza wasio na uwezo. Na usipunguze dozi kimyakimya. Rudi ukaseme.