Mwezi wa Mwisho Juu ya Majabali



Mama yangu tulimzika mwezi Julai. Wiki saba baadaye nilikuwa bado naadhimisha Misa, nahubiri na kubatiza, lakini nikipiga magoti peke yangu sikuwa na neno. Nayaandika haya kwa kuwa waamini wengi hudhani ukavu wa namna hiyo haumfiki padre.

Ndipo kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Mpwapwa, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi na kipaimara, akaniomba nimsindikize kwenye majabali yaliyo chini ya milima ya Kiboriani. Alitaka kuupiga picha mwezi kabla haujafa. Tulitoka saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Ulikuwa mwembamba kama ukucha, umelala chali kama mtumbwi, jinsi unavyoonekana huku kwetu karibu na ikweta.

Nilianza mimi, kwa simu yangu. Nikapata doa jeupe. Kijana akacheka kwa adabu.

"Padre, simu imeona giza, ikadhani inahitaji mwanga mwingi. Kumbe mwezi ni jiwe lililoanikwa juani."

Akaisimamisha kamera yake kwenye stendi ya miguu mitatu, akaifungua kwa muda mfupi mno. Ukucha ukatoka safi, majabali yakawa meusi tii. Akarudia, safari hii kwa sekunde mbili. Ukucha ukaungua kwa weupe, lakini juu yake likatokea duara zima, la kijivu hafifu. Akanieleza kuwa nuru ya jua huipiga dunia yetu, ikarudi hadi mwezini, ikauangaza hata ule upande wenye giza. Nikamwomba anionyeshe tena.

Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, alililinganisha Kanisa na mwezi, kwa kuwa nuru yake si yake. Nimewafundisha hivyo wakatekumeni miaka mingi, nikiwaza mwezi mpevu, ule wa Pasaka. Huu wa mwisho, uliobaki ukucha, sikuwahi kuuwaza.

Wanawake walipita na ndoo, wakielekea korongoni kufukua maji mchangani. Mama naye aliamka saa hizo, miaka yote ya utoto wangu. Nikamwamkia mkubwa wao.

"Marahaba, Padre. Mnatafuta nini huko juu?"

"Mwezi, mama."

"Keshokutwa hamtauona," akasema, akaendelea na safari.

Mwinjili Marko anasimulia (1:35) jinsi Yesu alivyotoka alfajiri na mapema kwenda kusali. Haandiki alisema nini huko. Pengine ndiyo sababu sikujilazimisha kusema kitu. Nilikaa juu ya jiwe, kijana akiendelea na kamera yake, mpaka kengele ya kwanza ikalia nasi tukiwa bado mbali. Tulishuka mbio.

Asubuhi ile, wakati wa kuwaombea marehemu, nililitaja jina la mama yangu. Tangu mazishi, kazi hiyo nilikuwa nimewaachia wengine.